Taa za kuoteshea mboga ndani ya nyumba: tazama dreva kwanza

Malalamiko yanayonifikia hapa Uganda, kutoka Ntinda, Kira na hata Mbarara, yanafanana. Taa imenunuliwa, letusi zimeanza kupendeza, umeme ukakatika jioni, na uliporudi taa haikuwaka tena. Muuzaji naye anajibu kwamba dhamana yake haihusu mambo ya umeme. Taa ya umeme, dhamana isiyohusu umeme! Jibu hilo linaniudhi sana.

Kama una baraza linalopata jua, weka mabomba yako ya hidroponiki (kuotesha kwa maji yenye mbolea, bila udongo) hapo, hela yako ibaki. Tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, na jua kali la adhuhuri ni kama mara kumi ya mwanga unaotosha letusi chini ya taa. Ninaowaandikia ni wenzangu wa vyumba vya kupanga visivyoona jua, na wanaokuza miche stoo.

Sitazungumzia rangi ya mwanga. Taa nyeupe inakuza letusi, dodo (mchicha), nakati (mboga ya majani ya kwetu) na giligilani vizuri tu. Kinachowatia hasara wanunuzi wetu ni dreva, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguzia nguvu kabla haujafika kwenye vitaa. Umeme wetu ni wa volti 240 kwenye karatasi. Ukirudi baada ya kukatika hupanda ghafla, na dreva ndiyo inayopigwa kwanza. Kwenye taa nyingi za rahisi dreva haipo kabisa kama kisanduku: vifaa vyake vimebandikwa kwenye bati lilelile la vitaa. Ikiungua, unatupa taa nzima. Baya zaidi, taa nyingi za namna hiyo hazitenganishi vitaa na umeme wa ukutani, na wewe unaning'iniza kitu hicho juu ya maji yenye mbolea na kukishika kwa mikono iliyolowa. Hapo nazungumzia uhai wa mtu, hasa nyumba ikiwa na watoto na soketi isiyo na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa Spider Farmer SF1000, wala sifichi kwamba naipendelea. Inakula wati 100, mwanga wake unapunguzwa kwa kitufe, na dreva yake ni kisanduku cha peke yake ambacho fundi anaweza kukibadilisha. Tafuta jina la Mean Well, kampuni ya Taiwan, kwenye kisanduku hicho, kisha usome mstari wa INPUT, yaani volti ambazo dreva inaweza kupokea: kadiri namba ya juu inavyoizidi 240, ndivyo unavyolala usingizi. Wanaotumiwa taa na ndugu walioko Marekani wasome mstari huo mara mbili, maana taa ya volti 120 pekee itaungua hapa siku ya kwanza.

Ya pili ni Mars Hydro TS1000. Ni taa nzuri, ila wati 150 ni nyingi kwa rafu moja, na Yaka, mita yetu ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, haina huruma. Hata ile ya wati 100, ukiiwasha saa 16 kila siku, inamaliza uniti 48 kwa mwezi. Kwa zaidi ya shilingi 700 kila uniti, hizo ni zaidi ya 33,000.

Ya tatu ni mirija ya LED ya T5, ile myembamba, kwa miche tu. Zile za zambarau zenye miguu ya kubana mezani, acha.

Sasa wauzaji. Boksi limeandikwa wati 1000, taa inakula 100 na kidogo, na bei imepangwa kwa ile 1000. Kuna duka katikati ya mji niliomba taa ichomekwe kwenye kipima umeme, nikaambiwa nilipe kwanza. Usilipe. Kipima cha kuchomeka kwenye soketi ni kidogo, kinaingia kwenye mkoba. Nenda nacho, na ukinunua taa nunua na kilinda friji, kile kifaa kinachokata umeme ukipanda ghafla, siku hiyohiyo, uichomeke taa hapo.