Dawa ya chupa ya kuzuia oili kuvuja: nimeitia kwenye IST na kwenye Noah, majibu yake haya

Wakuu habari zenu. Zile chupa ndogo za dawa ya kuzuia oili kuvuja, zinazouzwa maduka ya spea Gerezani na siku hizi hata kwenye sheli, nimezitumia kwenye gari mbili tofauti kwa hiyo naweza kusema kitu. Jibu fupi sio utapeli, ila inatibu ugonjwa mmoja tu, na wengi wanaoinunua hawana huo ugonjwa.

Gari yangu ni Toyota IST ya 2004, injini ya 2NZ, cc 1300. Ikaanza kuacha doa kwenye pavingi kila asubuhi, na ukikaa kwenye foleni Mandela Road unasikia harufu ya oili inaungua mpaka abiria anakuuliza vipi gari ina shida. Muuzaji akaniuzia chupa elfu 35, mililita 300, ya pili akanipunguzia bei nikabeba zote. Matumizi rahisi, unamwaga injini ikiwa ya moto, unahakikisha oili haipiti mstari wa juu wa dipstiki, halafu unaendesha kama kawaida na unasubiri maana haifanyi kazi siku hiyohiyo. Nikasubiri weee, doa lipo palepale na harufu ipo palepale.

Sababu ni hii. Ile dawa inalainisha mpira uliokauka na kuuvimbisha kidogo ili ubane tena. Kwa hiyo inasaidia kwenye sili, yaani zile ringi za mpira zinazozuia oili pale shafti inapotokeza nje ya injini, kama ya krenki au za kamshafti, zile ambazo zimekakamaa tu kwa umri. Gasketi iliyokwisha katika haiwezi kuungana kwa dawa, na silikoni, ile gundi ya kuzibia, haiponi kwa dawa. Sasa hizi injini za NZ zinatumia cheni, na kava la cheni limegandishwa kwa silikoni toka kiwandani, kama oili inatoka pale utamwaga chupa mpaka uchoke.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja kijana huku Tabata, gereji yenyewe kibanda tu. Kabla hajashika spana akaosha injini kwa dizeli na brashi, akaipuliza na kompresa ikakauka kabisa, halafu akatoa kopo la poda ya watoto akainyunyizia injini mpaka ikawa nyeupe pee. Nikacheka, akaniambia kaka we zunguka nayo hadi Segerea urudi. Narudi tunafungua boneti, kweupe kote isipokuwa mstari mmoja mweusi umeshuka kutoka kona ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, upande wa cheni. Hakuna kubahatisha tena hapo. Akachomoa koili, shimo la plagi namba moja nalo lina oili. Kava lilipotoka gasketi ilikuwa ngumu, nikijaribu kuikunja inakatika vipande mkononi.

Na kulikuwa na silikoni kibao imepakwa juu ya gasketi na gereji moja niliyopita zamani, hii tabia mafundi wetu waache bhana. Gasketi ya mpira haihitaji kupakwa silikoni mzunguko mzima, na ile inayozidi inaingia ndani, ikimeguka inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili kule kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukikosa oili pale injini imekwisha. Huyu kijana aliikwangua yote taratibu, akapaka kidogo tu kwenye zile kona mbili kava la cheni linapokutana na silinda hedi, akafunga bolti kwa kuzungukia, maana zile ni za kubana kwa Nm 10 tu ukizikaza kwa hasira unazikata. Akamalizia kwa kuchomoa valvu ya PCV akaitikisa sikioni, ikikaa kimya ujue imeziba, na yangu ilikuwa kimya. Hiyo ndo injini inapumulia, ikiziba presha inabaki ndani inasukuma oili nje kwenye sili, kwa hiyo ungebadilisha gasketi peke yake baada ya muda ungevuja tena. Pavingi sasa ni kavu.

Chupa ya pili nikampa shemeji, ana Toyota Noah old model, SR40, yenye injini ya 3S. Yake ilikuwa inadondosha tone tone pale gearboksi inapokutana na injini, fundi huyuhuyu akasema hiyo ni sili ya nyuma ya krenki. Sili yenyewe bei rahisi, shughuli ni kushusha propela na gearboksi nzima ndo uifikie, na hela ya ufundi shemeji hana kwa sasa. Hapo dawa imefanya kazi kweli. Haijakauka kabisa, ila boksi analotandika chini usiku siku hizi linabaki na alama ndogo tu, zamani lilikuwa linaloa.

Kuna watakaokwambia weka oili nzito namba 40 itavuja taratibu. Kwenye IST mi siweki, ile VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa na presha ya hiyohiyo oili kupitia njia nyembamba, nimebaki na 5W-30 yangu. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka usijipe moyo kwamba utafika nyumbani, ile inasoma presha, zima gari hapohapo.

Maksi zangu: dawa 3 kati ya 5, na ni kwa sili ya nyuma tu, kwa tapeti kava ni 0. Fundi wa poda 4, moja nimemkata kwa sababu alisema njoo saa tatu yeye akatokea saa sita na nusu anakula muhogo.