Golf GTD ya dizeli ndani ya Tanga: kuimiliki, kuiongezea na kuiuza

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama hachibeki ya dizeli yenye mbio inaweza kuishi Tanga. Inaweza, ila inataka barabara ndefu. Mtu anayelala Raskazone, anafanya kazi Chumbageni, na safari yake kubwa ya wiki ni Ngamiani sokoni, huyo anunue kitu kingine. IST ya petroli itamtosha na atalala usingizi.

Mimi kazi yangu ni kupeleka vifaa vya maabara mashuleni: Korogwe, Same, Moshi, na Dar mara kwa mara. Ndiyo maana niliitafuta Volkswagen Golf GTD ya kizazi cha sita. Yangu ilikuwa ya 2011, gia sita za mkono. Kwa asiyeijua, ni ndugu yake GTI, ile Golf ya mbio ya petroli, tofauti ni kwamba chini ya boneti kuna dizeli ya lita 2.0 yenye tabo, nguvu za farasi 170 na torki ya Nm 350. Karatasi za kiwanda zinasema inatoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 8.1 na kula lita 5.3 kwa kilomita 100. Hiyo 5.3 ni ya maabara ya Ulaya. Kwangu, barabara kuu na mizigo nyuma, lita moja ilikwenda kilomita 15 hadi 16. Mjini ilishuka hadi 11. Tangi ni lita 55, kwa hiyo ulikuwa unajaza Tanga, unakwenda Dar, unarudi, na mshale bado haujalala.

Ukitaka GTD ya usukani wa kulia, mara nyingi itakuwa imetoka Uingereza. Wengi wetu tumezoea gari za Japani na karatasi zao za mnada, sasa tukikutana na gari la Uingereza tunakosa pa kushika. Pa kushika papo, tena pazuri zaidi. Omba nakala ya kadi ya usajili ya kule, chukua namba ya zamani, kaiingize kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza inayoonyesha ukaguzi wa kila mwaka, ule unaoitwa MOT. Ni bure. Utaona maili zilizosomwa kila mwaka, gari lilifaulu au lilifeli, na mkaguzi aliandika nini: tairi zimeisha, bushi zimelegea, kutu imeanza wapi. Kutu ni jambo la kulitazama hasa, maana kule majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani, halafu gari lenyewe linakuja kumalizia maisha kando ya bahari. Muuzaji wangu alikuwa Dar, yeye ndiye aliyeliagiza. Maili za dashibodi zilifuatana vizuri na za kwenye ukaguzi, tukakubaliana milioni 19.

Jambo lingine la kuuliza kuhusu injini hii ni ule mkasa wa 2015. Injini ya familia ya EA189, na hii ni mojawapo, ndiyo iliyotajwa pale Marekani ilipofichua kwamba programu ya gari ilikuwa inapunguza moshi wakati wa kupimwa tu. Magari kama milioni 11 duniani yalihusika, na Ulaya yakaitwa kurekebishwa programu. Uliza kama gari lako lilirekebishwa, kwa sababu ukitaka kugusa kompyuta ya injini baadaye, fundi lazima ajue anaanzia toleo lipi.

Na ukishanunua, angalia mwendokasi wako. Duara la dashibodi linaonyesha maili kwa maandishi makubwa, kilomita zimebanwa ndani kwa maandishi madogo. Ukiingia kwenye kibao cha 50 na mshale uko kwenye 50 kubwa, unakimbia 80, na trafiki wenye tochi hawana haja ya hadithi za Uingereza. Faini elfu thelathini.

Sasa tuje kwenye kichujio cha moshi, yaani DPF, maana humo ndimo wengi wanapoachana na dizeli za Ulaya. DPF inakusanya masizi, kisha inayachoma yenyewe moshi ukipata joto la kutosha. Joto hilo hulipati kutoka Sahare hadi barabara ya kumi na mbili. Wiki nikiwa mjini tu, taa yake ya njano ilikuwa mgeni wa Tanga kwelikweli, yaja leo yaondoka leo. Kitabu cha gari kinaelekeza hivi: endesha kama dakika 15, gia ya nne au ya tano, kasi isipungue 60, injini ikizunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Kwangu dawa ilikuwa barabara ya Segera. Ukishapita Pongwe unatulia kwenye gia ya nne, unaiacha ipumue hadi Muheza, unageuza. Matuta na rasta za vijijini zinakukatiza, lakini taa inazimika.

Fundi mmoja aliniambia, "Kaka, hiyo tunaitoboa tu, tunaifuta kwenye kompyuta, unasahau." Ndivyo wengi wanavyofanya. Nilikataa. Mtaa wetu nyumba zimebanana, watoto wanacheza nje hadi magharibi, na kila asubuhi ningewasha gari nyuma ya dirisha la jirani. Ukiitunza haisumbui: oili iwe ya kiwango cha Volkswagen 507.00, ambayo majivu yake ni machache, lita 4.3 tu zinatosha. Oili ya dizeli ya lori, hata kama dukani wanaisifia, inaziba kichujio kwa majivu yasiyoungua kamwe.

Mafuta nayo. Mfumo wa injini hii unasukuma dizeli kwa shinikizo linalofika baa 1,800, nozeli zake hazina urafiki na maji wala uchafu. Nilikuwa najaza vituo vilevile vyenye magari mengi, sikununua ya kwenye madumu hata siku moja, na chujio la dizeli nilibadilisha kila nilipomwaga oili. Watu wa gereji walinicheka kwamba natupa chujio zima. Acha wacheke, nozeli moja ni mshahara wa mtu. Ugonjwa mwingine unaojulikana wa injini hizi ni mota ya vipepeo vya hewa, ukipima kwa mashine inakuandikia kosa namba P2015. Yangu haikuugua, ila ukinunua ipimwe kabla hujatoa pesa. Mkanda wa taiming niliubadilisha mara tu nilipolichukua, pamoja na pampu ya maji, bila kubishana na historia.

Kuboresha ndiko kulikonipa raha, na humo humo ndimo fedha zilimopotelea. Kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa cha mbio. Gari lilikuja na rimu za inchi 18 na tairi nyembamba, na GTD kiwandani imeshushwa kuliko Golf ya kawaida. Barabara za ndani za Tanga zitaimaliza. Nilirudi kwenye inchi 17, tairi 225/45, ambazo ni saizi halali ya gari hilo, nikafunga springi na shokapu za Golf ya kawaida, na chini ya injini nikachomelewa sahani ya chuma na fundi wa Mabawa. Kuna mashabiki wataona nimeliharibu, gari la mbio kulinyanyua. Wao wapite Tanga hadi Pangani msimu wa mvua, halafu waje tuongee. Kwenye kona halikupoteza kitu cha maana, na matuta likaanza kuyapita bila kukwaruza tumbo.

Halafu ndiyo nikaenda kwenye nguvu. Niliongeza kwa programu tu, bila kubadili tabo wala nozeli: ahadi ilikuwa farasi 205 na torki ya Nm 400. Nilisisitiza jambo moja kwa fundi wa Dar, faili la asili la programu alihifadhi na nakala anipe mimi. Ushauri huu sikuupata popote ukiwa umeandikwa, na baadaye uliniokolea uuzaji.

Tofauti yake haielezeki vizuri kwa namba. Njoo Mombo, kata kwenda Lushoto. Zile kona zinapanda mlima moja juu ya nyingine, bonde upande mmoja, jabali upande mwingine, na mbele yako kuna Fuso limejaa mbao linalopanda kwa gia ya kwanza. Gari la petroli dogo linakulazimu kushusha gia mbili na kuomba dua. Hii dizeli ikiwa gia ya tatu, mara 1,800 tu kwa dakika, unakanyaga kidogo na Fuso limeshabaki nyuma kabla tabo haijamaliza kupiga mluzi. Nguvu ya chini namna hiyo ndiyo sababu ya kununua GTD. Mwenye kutaka kelele na mizunguko ya juu achukue GTI, dizeli juu ya 4,500 haina jipya la kukuambia.

Ila torki lazima ipite kwenye klachi. Baada ya muda, gia ya tano na ya sita, ukikanyaga kwenye mlima, mizunguko inapanda na gari haliongezi mwendo. Klachi inateleza. Nilikuwa nalitegemea hilo na fedha yake nilishaitenga. Gari la gia za mkono ukiliongezea torki, klachi ya zamani inatoa roho kwanza. Kilichouma ni flaiwili, kwa kuwa ni ya vipande viwili na haichongwi kama za Kijapani. Seti nzima iliagizwa Uingereza, ikasubiriwa wiki kadhaa, na pamoja na ufundi ikakaribia milioni mbili. Kwa fedha hiyo mwenye IST anahudumia gari lake miaka.

Nililiuza kwa sababu mkataba wangu wa Kilimanjaro uliisha na nikabaki na shule za mjini. Nililiweka sokoni kwa milioni 17. Simu zilikuwa nyingi na maswali yalikuwa yaleyale: namba gani? Otomatiki? Spea zipo? Ukijibu "gia za mkono", nusu wanakata. Dalali mmoja alikuja, akazunguka gari, akaniambia, "Bwana mkubwa, gari zuri, ila la mzungu, na wazungu Tanga wanahesabika." Akataja milioni 11 nikamkaribisha chai.

Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeongeza shilingi kwa ajili ya farasi 205. Kinyume chake, wenye akili waliogopa. Nilirudisha faili la asili, rimu za inchi 18 nikauza peke yake kwa kijana wa Makorora, na tangazo nikaliandika upya bila neno la mbio: mkanda umebadilishwa, klachi na flaiwili mpya, risiti za oili zipo, historia ya Uingereza ipo. Hapo ndipo akaja mwalimu wa Korogwe anayesoma Arusha wikiendi. Aliingiza ile namba ya zamani kwenye simu yake mwenyewe, akasoma ukaguzi mmoja baada ya mwingine, akalala chini kutazama sahani ya chuma. Tukamalizana kwa milioni 14 na nusu.

Kabla ya kwenda kwa wakili tuliangalia pamoja mtandaoni deni la faini za barabarani na deni la maegesho la TARURA, kwa sababu vyote vinafuata namba ya gari. Mkataba ukasainiwa, tukaanza kubadilisha umiliki TRA siku hiyohiyo kwa TIN zetu wawili. Nilimpa na machujio mawili ya dizeli yaliyokuwa bado kwenye boksi. Akaniuliza, "Mzee, na ile taa ya njano ikiwaka?" Nikamwambia kwake haitawaka sana, Korogwe hadi Arusha ni mbali.