Msumeno wa mkanda au wa mkono?

Kwa fundi anayekereza mipini ya patasi na vibakuli hapa Wete, mimi ningechukua msumeno mdogo wa mkanda (mashine ya umeme inayozungusha ukanda wa meno), ule wa kuweka mezani, kukatia vipande kabla ya kuvikereza. Mkanda mwembamba hauli mbao nyingi, na kwa kuwa unavuta kwenda chini, kipande hukandamizwa kwenye meza ya msumeno badala ya kumrukia mtu. Mkanda wa milimita 6 hukata duara la kibakuli. Mpana hukataa kona. Ila gogo la mviringo lisilotiwa kabari hubiringika ghafla, na vidole viko karibu.

Wa mkono ni rahisi, wala haujali umeme ukikatika. Mipini michache, unatosha. Duara ndilo linaloushinda: pembe utazipunguza kwa shoka. Na mfenesi mbichi, kwa utomvu wake, utakutoa jasho!