Uzoefu wangu na mashine ya kupimia sukari nyumbani, hapa Arua

Mashine ninayoizungumzia ni ile ndogo ya kiganjani inayouzwa katika maduka ya dawa pamoja na kalamu ya kuchomea kidole, sindano chache na kikopo cha stripu, yaani vile vijiti vyembamba vinavyonyonya tone la damu. Binti yangu aliinunua Kampala na kunitumia kwa basi la usiku baada ya daktari kuthibitisha kwamba nina kisukari cha aina ya pili. Kwa jumla nimeridhika nayo. Hata hivyo, anayefikiria kununua anapaswa kujua kwamba gharama yenyewe haiko kwenye mashine bali kwenye stripu, kwa kuwa kila kipimo kinatumia kijiti kimoja, kijiti kikishatumika ni cha kutupa, na mashine ya chapa moja haikubali vijiti vya chapa nyingine.

Hapo ndipo penye kero kwetu sisi tulio mbali na mji mkuu. Arua iko takriban kilomita 500 kutoka Kampala, na si kila duka la dawa hapa linaweka stripu za kila mashine, nimewahi kuzunguka mji mzima na kikopo kitupu mfukoni huku nikiambiwa, "Rudi wiki ijayo, Mzee." Kwa hiyo usichague mashine kwa uzuri wa kioo chake. Ulizia kwanza ni stripu zipi ambazo hazikosekani katika duka lililo karibu nawe, angalia tarehe ya mwisho ya kutumika iliyoandikwa kwenye kikopo, ndipo ununue mashine inayozitumia.

Kwa sababu ya bei hiyo sipimi ovyo. Sista wa kliniki alinifundisha kupima kwa jozi, mara moja kabla ya kula na mara ya pili saa mbili baada ya kuanza kula, kwa sababu tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoonyesha chakula kimefanya nini mwilini. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, sukari kabla ya kula inatakiwa iwe kati ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baadaye isifike 10, ingawa daktari anaweza kumwekea mgonjwa wake viwango vingine kulingana na umri au hali yake. Namba hizi ni za kipimo cha mmol/L. Mashine nyingine huonyesha mg/dL, ambapo 7.0 yangu husomeka 126, na anayehama kutoka mashine moja kwenda nyingine azidishe au agawanye kwa 18 kabla ya kuanza kutetemeka.

Jozi moja ndiyo iliyonibadilishia sahani. Siku hiyo nilikula enyasa, yaani ugali wetu wa unga wa muhogo na mtama, kwa kipimo changu cha miaka yote, pamoja na mchuzi mdogo tu, na sukari ikapanda kutoka 6.8 hadi 12.9. Siku chache baadaye nilikula enyasa ileile nusu yake, nikaongeza majani ya kunde na samaki wa angara, kisha nikatembea hadi sokoni na kurudi. Mashine ikasoma 9.1. Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi nipunguze ugali wa muhogo, na nilikuwa nimeitikia kwa adabu bila kupunguza chochote, lakini namba iliyotoka kwenye kidole changu mwenyewe sikuweza kubishana nayo. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba haikunilazimu kuiacha enyasa.

Usafi wa mikono unastahili maneno zaidi kuliko yanavyopewa katika kikaratasi cha maelezo. Msimu wa maembe, jirani yangu alikuja kupimwa akitoka kumenya embe uani kwake, akajifuta vidole kwenye kanzu, na mashine ikatoa 17.8. Alikuwa tayari anauliza kama ameze vidonge viwili badala ya kimoja. Nikamwambia, "Haji, nawa kwanza kwa sabuni, ukaushe, kisha turudie." Kipimo cha pili kilikuwa 8.2. Utando mwembamba wa maji ya tunda uliobaki kwenye ngozi unachanganyika na tone la damu, na pamba yenye spiriti si lazima iuondoe wote. Sabuni na maji ndivyo vya kutegemea. Fikiria madhara ambayo yangempata mtu anayejidunga insulini kwa kufuata ile namba ya kwanza.

Jambo lingine ni joto. Stripu nyingi zinatakiwa kukaa katika nyuzi joto kati ya 4 na 30, na chumba chenye paa la bati hapa kwetu hupita hapo mchana wa kiangazi bila shida. Wapo wanaohifadhi insulini ndani ya chungu cha udongo kinacholowanishwa maji, na hilo ni jambo jema kwa insulini, lakini stripu zisiwekwe humo, kwa kuwa unyevu unaharibu kimeng'enya kilichopakwa kwenye kijiti. Zangu hukaa kwenye kabati la mbao, mbali na dirisha na jiko, na kifuniko cha kikopo nakifunga mara tu ninapotoa kijiti.

Kuhusu usahihi, niliipeleka mashine hospitalini siku ya kutolewa damu ya maabara, nikiwa sijala. Maabara ilitoa 8.6 na mashine 9.2. Tofauti hiyo inakubalika, kwani kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau vipimo 95 kati ya 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Anayelala vizuri akiona 8.1 na kukosa usingizi akiona 8.7 anajisumbua bure. Mashine pia haichukui nafasi ya kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu kwa kuwa sukari hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi, ingawa mwenye selimundu au upungufu wa damu amkumbushe daktari, maana hali hizo zinaweza kukipotosha kipimo hicho.

Mwezi wa Ramadhani ndipo nilipoona mashine hii inalipa gharama yake. Ninatumia metfomini pamoja na glibenklamidi, na hiyo ya pili inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo daktari alinipangia upya dawa kabla ya mfungo. Imamu wetu alitueleza kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu, na miongozo ya kitabibu inamtaka mfungaji afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9 au imepita 16.6. Alasiri moja nilihisi jasho jembamba na mikono ikaanza kulegea; mashine ikasoma 3.7. Mke wangu hakungoja fatwa ya pili, akanikorogea maji ya sukari, na robo saa baadaye ilikuwa 4.8. Bila mashine ningejikaza hadi magharibi nikidhani ni njaa ya kawaida.

Malalamiko yaliyobaki ni madogo. Kioo hakina taa, hivyo umeme ukikatika usiku natafuta tochi, na betri yake bapa inafaa kununuliwa ya akiba mapema. Sindano zilizotumika natia katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikikaribia kujaa naipeleka kituo cha afya, ambako wanazipokea pamoja na taka zao zenye ncha kali.