Spea za dambeli za kubadilisha uzito: ipi ununue, ipi uiache dukani (kwa tulio Mbeya, Iringa na Njombe)

Wakuu habari zenu. Jimu za uani zimekuwa nyingi huku kwetu, na dambeli zinazotumika sana ni zile za kufungua na kufunga sahani mpaka upate uzito unaoutaka. Sasa kwenye hizi dambeli sahani ndo hazifi kirahisi, kinachokufa ni nati, meno ya rodi, mpira wa kwenye nati, na kwa zile za kisasa za kuzungusha kitasa kuchagua uzito ni vidude vya plastiki vya ndani. Na watu wengi wakienda kununua spea wanaangalia mng'ao na bei basi, wakati hiyo spea ndo kitu pekee kinachozuia kilo 10 za chuma zisikushukie usoni ukiwa umelala kwenye benchi. Mi nimezipanga kwa uimara tu, kuanzia ile ningemwambia mdogo wangu anunue leo mpaka ile nisingependa aiguse kabisa.

Namba moja: rodi ya chuma kilichojaa yenye meno pamoja na nati zake za nyota za chuma zenye mpira ndani, na ununue vyote pamoja. Nasema pamoja kwa sababu rodi zinakuja za milimita 25, 28 na 30, na hata mbili zikiwa na unene sawa bado meno yanaweza kupishana, nati ya rodi nyingine itaingia mizunguko miwili halafu inagoma, au mbaya zaidi inaingia yote ila inacheza. Ile inayocheza ndo hatari maana unadhani umefunga. Ukienda dukani, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, beba sahani moja ya nyumbani uipachike palepale. Sahani yenye tundu la 30 kwenye rodi ya 25 itakuwa inagonga kila unaponyanyua na yale magongano ndo yanafungua nati taratibu.

Kujua kama rodi imejaa au ni bomba lililopakwa kromu, usigonge wala usiangalie rangi, ipime. Rodi ya milimita 25 yenye urefu wa sentimita 35 ikiwa chuma kitupu inatakiwa ikaribie kilo 1.35, na ya milimita 28 yenye sentimita 40 inakaribia kilo 1.9. Ikipungua kidogo ni sababu ya meno yaliyochongwa, hiyo sawa. Ila ikisoma robo tatu ya kilo rudisha tu, hilo ni bomba na litapinda. Toa nati kwanza kabla ya kupima, mizani yoyote ya duka la mchele inatosha.

Namba mbili, na hapa sisi wa nyanda za juu tuna bahati ambayo wengi hawaitumii: rodi ya kuchongesha. Barabara ya Zambia inapita hapa hapa, malori hayaishi kuanzia Makambako, Uyole, Mbalizi mpaka Tunduma, kwa hiyo hafshafti chakavu (zile shafti za ekseli zinazozungusha matairi ya lori) na mafundi wenye mashine ya kuchonga vyuma wapo. Chuma cha hafshafti kimetengenezwa kubeba msukosuko mkubwa kuliko mkono wa mtu yeyote, fundi mzuri akikuchongea rodi na nati zake kwa vipimo vya sahani zako unaisahau miaka na miaka. Kwa nini basi sijaiweka namba moja? Sababu ya ile pete ya ndani, ile inayozuia sahani isije kwenye vidole. Mafundi wengi wanaichomelea kwa haraka, na chuma cha hafshafti kina kaboni nyingi kuliko nondo ya kawaida, ukikichoma bila kukipasha moto kwanza na ukakiacha kipoe ghafla (na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua) pale pembeni ya weld panakuwa pagumu na pakavu, panaota ufa mdogo ambao huuoni, siku ya siku panakatika. Mwambie fundi aanze na shafti nene halafu achonge kushuka, pete ibaki kama sehemu ya chuma chenyewe. Atakutoza zaidi maana muda wa mashine ni mrefu, mlipe tu. Na kona ya pale pete inapokutana na rodi iwe na mviringo kidogo, isiwe kali kama imekatwa na kisu, maana ufa unapenda kuanzia kwenye kona kali.

Tatu ni stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, ndefu na yenye meno mwanzo mwisho, ya M24 (unene wa milimita 24), inapatikana kwenye maduka ya bolti na ya spea za malori. Inaingia kwenye tundu la 25 vizuri kabisa, na kwa nguvu usiwe na wasiwasi. Ikiwa na alama 8.8 ina maana inavumilia megapaskali 800 kabla ya kukatika, yaani stadi ya unene huo inahimili mvuto wa zaidi ya tani 20. Hata ile isiyo na alama haitakatika kwa sahani za nyumbani. Shida yake ni kufunguka, na dawa ni nati mbili kila upande, ya pili inabana ya kwanza, na unahitaji spana mbili za 36. Kwa hiyo kubadilisha uzito katikati ya seti sahau, hii inamfaa mtu anayekaa na uzito mmoja wiki nzima. Sehemu ya mkono ivishe kipande cha bomba, meno yanachubua vibaya.

Klipu za springi kwa rodi laini isiyo na meno naziweka nne na sina mengi, springi inachoka, na dambeli tofauti na rodi ndefu ya kunyanyua kwa mikono miwili inalala na kusimama kila unapokunja mkono, kwa hiyo uzito wote wa upande mmoja unaegemea klipu. Zoezi la juu ya kichwa usifanye na klipu jamani.

Sasa zile za kuzungusha kitasa. Zinapendeza, zinaokoa nafasi, ila spea zake ndo mtihani. Mwezi wa sita 2025 huko Marekani zilirudishwa dambeli karibu milioni 3.8 za chapa ya Bowflex, modeli za 552 na 1090, sababu sahani zilikuwa zinaweza kuchomoka mtu akiwa anazitumia. Hapo ni mzigo orijino. Sasa we fikiria kitasa cha kuiga ulichoagiza mtandaoni kimeandikwa kinafaa modeli zote. Mtumba wa modeli hizo ukiletewa huku usinunue, na kama tayari unayo iache kwanza usiinyanyue, fuatilia maelekezo ya kampuni. Za kuchomeka pini kwa kweli zina vitu vichache vya kuharibika, lakini pini yake ikipotea usiweke msumari, tafuta ya kwake.

Mwisho kabisa ni nati za plastiki, hasa zikikutana na sahani za simenti. Hii naisema kwa uchungu maana ndo seti wanazonunuliwa vijana wanaoanza. Simenti ni nyepesi karibu mara tatu kwa chuma, kwa hiyo kilo tano zake ni nene, zinakula rodi yote na nati inabaki kung'ata meno mawili matatu. Kanuni ya kuangalia: ukishafunga, ncha ya rodi itokeze nje ya nati. Kama imeishia ndani, punguza sahani au nunua rodi ndefu.

Sahani ya chuma cha kumiminwa ikipasuka usipeleke kwa fundi wa kawaida, ile kasti ikichomwa kwa fimbo za kawaida inapasuka tena pembeni, nunua nyingine. Na mpira wa nati ukiisha huhitaji nati mpya, kata pete kwenye tyubu chakavu ya lori, unene uwe sawa kuzunguka. Wa Tukuyu na wote wa kwenye mvua nyingi, kila baada ya zoezi futa jasho kwenye meno na upitishe mafuta ya cherehani kidogo, kutu ikishaingia kwenye meno nati inakaza kabla haijafika kwenye sahani na ukiishika unaona imefunga kumbe bado.