Dawa ya kutu ya kupuliza: kutu imekoma, kitanda cha mteja kimeharibika

Mtu akiniambia tena kuwa Dodoma hakuna kutu, nitamleta bandani kwangu Ipagala aione meza ya chuma ya mashine yangu ya kuranda mbao. Maana ndivyo alivyonijibu yule kijana wa duka la vifaa, macho kwenye simu: "Kutu? Kwani hapa Tanga, mzee?" Nimeuliza kistaarabu, yeye anacheka na mwenzake.

Ni kweli huku kukavu, nusu mwaka na zaidi hata tone huoni. Lakini mvua zikishaanza, banda la bati lisilo na dari usiku linatoa jasho, linadondoka juu ya chuma. Ukiacha na vumbi la mbao mbichi mezani, asubuhi unakuta ramani nyekundu. Mwenzake ndiye akanitolea kopo: "Hii ndiyo kiboko yake." Nikalipa bila kusoma. Hilo kosa langu.

Kusema haki, kutu ilikoma. Msimu mzima meza inang'aa, mbao zinateleza zenyewe. Nikaisifia mpaka jirani naye akanunua.

Kikaja kitanda cha mninga. Napiga vanishi mkono wa kwanza, inakimbia, inaacha vishimo kama macho ya samaki. Napiga msasa, narudia, vilevile! Fundi rangi niliyemwita akauliza swali moja tu: "Mashine unapaka nini?" Tukaligeuza kopo: silikoni, kilainishi cha kutelezesha, kwa maandishi ya sisimizi. Ubao ukipita mezani unaibeba, na vanishi haishiki tena.

Nikarudi dukani. "Sisi tumekuuzia dawa ya kutu, mambo ya vanishi hatuyajui." Na bado hakuinua macho!

Kwa bawaba na kufuli la geti, inunue tu, inafaa. Hapana, duka lile hata kufuli lenyewe usinunue.

Siku hizi nayeyusha nta ya nyuki, wauza asali wa Singida wanayo. Naitoa motoni kwanza, ndipo natia tapentaini, napaka nyembamba na kusugua kwa kitambaa mpaka mkono usinate. Oili chafu ya gari sitaki, inatia mbao madoa. Kitanda nimekisafisha kwa tina ya kuyeyushia rangi na kukikwangua upya kwa mkono, na mteja amesema atalipa nusu. Jirani bado sijamwambia.