Siku tano za mafunzo ya TEHAMA kwa walimu: natoa nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za Jumatano

Nafundisha Fizikia na Hisabati shule ya kata huku Singida. Kidato cha pili nina wanafunzi 68 kwenye chumba kimoja. Umeme upo ila una siku zake, projekta ni moja kwa shule nzima na inalala ofisini kwa Mkuu, na nina kishikwambi kile tulichogawiwa walimu baada ya kumaliza kazi ya Sensa ya 2022. Naanza na hayo kwa sababu mafunzo yoyote ya TEHAMA nayapima kwa chumba kile, siyapimi kwa ukumbi wenye kiyoyozi.

Yalifanyika likizo ya Juni, kwenye maabara ya kompyuta ya chuo kimoja mjini. Waandaaji siwataji. Tulikuwa walimu 40, kompyuta 22. Ada hakuna, nauli tulirudishiwa, chai ilikuwa na vitafunwa viwili, posho ilichelewa lakini iliingia. Kwa upande huo sina neno.

Jumatatu yote ilikwenda kwenye sehemu za kompyuta na barua pepe. Hebu piga picha watu 40 wanafungua akaunti kwa wakati mmoja kwenye intaneti ya kugombania. Nusu yetu tulikuwa na akaunti za zamani na nywila tumeshazisahau. Mzee wetu wa Historia, amebakiza miaka miwili astaafu, namba ya uthibitisho ilikwenda kwenye laini aliyomwachia mke wake kijijini. Akampigia. Mama akamsomea tarakimu moja moja kwa sauti ya juu, sisi wote tunasikia, alipofika ya sita muda ukawa umeisha. Walirudia mara tatu. Saa kumi jioni mzee alikuwa na barua pepe, na hadi leo hajaituma kwa mtu.

Jumanne ilikuwa slaidi. Tulifundishwa kufanya herufi ziingie zikizunguka kama pia. Nikamuuliza mwezeshaji, "Sasa hizi herufi zikizunguka, mwanafunzi wangu anaelewa nini zaidi kuhusu msuguano?" Akanijibu, "Zinavutia, mwalimu." Basi nikakaa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kwenye mkoba tuliopewa kulikuwa na nakala ya mfumo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la 2018. Niliusoma usiku kule nyumba ya wageni. Una vipengele sita: sera, mtaala na upimaji, ufundishaji, stadi za kidijitali, uendeshaji wa darasa na shule, na mwalimu kujiendeleza kitaaluma. Kila kimoja kina ngazi tatu, jumla umahiri 18. Kubofya na kufungua mafaili ni kipengele kimoja tu kati ya sita. Sisi kilitula karibu siku nne kati ya tano. Karatasi waliyotugawia wenyewe ilikuwa inawasuta.

Jumatano akaja dada mmoja ambaye naye anashika chaki. Neno lake la kwanza: "Zimeni Wi-Fi." Akapitisha flashi mkono kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na majaribio ya PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia. Ni ya bure, mengine yameshatafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishapakua faili lake linafunguka kwenye kivinjari bila bando hata kidogo.

Alifungua la saketi: betri, nyaya, balbu, swichi. Akaunga balbu moja, ikawaka. Kabla ya kuongeza ya pili kwenye njia ileile akatuambia, "Kila mtu aandike kwenye daftari, balbu ya kwanza itafanyaje. Ukimaliza funga daftari." Mwalimu wa Kiswahili aliyekaa pembeni yangu akaandika kuwa ya kwanza itang'aa na ya pili itafifia, kwa kuwa umeme unafika kwa ya kwanza ukiwa bado na nguvu. Nikamcheka moyoni. Halafu nikanyamaza, maana ndivyo watoto wangu wanavyojibu kila mwaka, na mimi huwaandikia ubaoni kanuni ya Ohm, V = IR, na kusonga mbele.

Dada akabofya. Balbu zote mbili zikafifia sawasawa. Mwalimu wa Kiswahili akasema, "Kumbe!" Hiyo "kumbe" ndiyo niliyokwenda kuitafuta mjini.

Saa tatu nzima tulikuwa kwenye saketi hiyo moja tu. Kila mmoja alitengeneza andalio la somo lenye swali la kubashiri kabla ya kubofya, wenzake wakalichambua bila huruma. Langu lilirudishwa mara mbili.

Alhamisi tulionyeshwa programu ya Kolibri. Hii inakuwezesha kuweka masomo kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vikayavuta kwa Wi-Fi ya hapohapo bila intaneti. Kwa shule kama yangu ingefaa sana. Lakini tuliionea ukutani nusu saa, hakuna aliyeisakinisha kwa mkono wake, tukarudishwa kwenye majedwali ya alama. Ijumaa mtihani wa kuchagua jibu, vyeti, picha ya pamoja. Kundi la WhatsApp waliloahidi kutufuatilia kwalo sasa ni la heri ya kuzaliwa na michango ya harusi. Hakuna aliyewahi kuja darasani kwangu kuona kama nimefanya chochote.

Nimefanya. Mwezi Agosti niliomba projekta kwa Mkuu, nikafungua saketi mbele ya kidato cha pili. Dakika ya kumi na mbili umeme ukakatika. Hapo nikashukuru nilikuwa na faili lilelile kwenye kishikwambi. Nikachora saketi ubaoni, darasa likapiga kura kwa mikono, nikawaita watatu waje waangalie kishikwambi, wakarudi kuwaeleza wenzao walichoona. Wenzao hawakuwaamini! Wakabishana hadi kengele. Siku iliyofuata nikaja na betri za tochi na balbu halisi, wakahakikisha wenyewe. Ukiunga waya mtupu kwenye betri ya PhET inatoa moto kwenye skrini, wakaomba tujaribu na hilo pia. Hilo nilikataa.

Natumia toleo la Kiswahili kwanza wabishane kwa uhuru, istilahi za Kiingereza nazileta baadaye kwa ajili ya mtihani. Kuna wenzangu hawakubaliani na hili. Tunalijadili kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji, ile ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kwa ufuatiliaji nimepata zaidi kwenye kikao kile cha watu saba kuliko kwenye kundi lile la 40.

Ukiitwa kwenye mafunzo kama haya, nenda na flashi tupu na kifaa chako mwenyewe, na uombe kusakinisha kila wanachokuonyesha kabla hujatoka chumbani. Cheti kitakusubiri.

Mzee wa Historia juzi kanifuata na kishikwambi chake, anataka nimwekee "ule mchezo wa balbu". Nikamwambia, "Mzee wangu, wewe si wa Historia?" Akasema ni kwa ajili ya mjukuu wake. Nimemwekea, nikamfungulia na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) asome vitabu vya kiada. Nywila ameiandika kwa kalamu nyuma ya kava.